Mashine pepe kwenye Linux ya makontena: njia nne, na mahali pa kutafuta hitilafu kwa kila njia

Tatizo hili huja kwa sura moja karibu kila mara. Mtu ana seva yenye Fedora CoreOS, openSUSE MicroOS au Flatcar, mifumo ya Linux iliyotengenezwa kwa ajili ya makontena (programu zilizofungwa na mahitaji yake, zikitumia kerneli ya seva, yaani kiini cha mfumo), na makontena yake yanakwenda vizuri kwa miezi. Kisha ofisi inaleta programu ya uhasibu isiyokubali mfumo mwingine ila Windows, au mteja anataka kujaribu kifaa cha mtandao chenye kerneli yake, na kontena haliwezi kubeba kerneli ya pili; inahitajika mashine pepe, yaani kompyuta nzima inayoigwa ndani ya seva. Anasakinisha libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe, kama alivyozoea kwingine, anaandika `virsh list`, na jibu linalorudi ni kwamba soketi (mlango wa mawasiliano) ya virtqemud, huduma ya libvirt inayoendesha mashine pepe, haipo. Anawasha huduma, inasimama kwa dakika mbili, kisha inajizima. Hapo ndipo anapoanza kujiuliza kama njia aliyoichagua ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Mifumo hii haikujengwa kwa ajili ya mashine pepe, lakini pia haizikatai. Kilichobadilika ni mahali ambapo mambo hukaa. Folda ya `/usr` husomwa tu, `/etc` hubadilika lakini huunganishwa upya kila sasisho linapoingia, na `/var` peke yake ndiyo inayobaki kuwa yako moja kwa moja. Hitilafu nyingi za huduma za mashine pepe zinazolaumiwa kwa libvirt hutokana na mtu kusahau mgawanyo huo. Kwa hiyo ulinganisho huu hauulizi sana ni njia ipi iliyo rahisi kusakinisha, bali ni njia ipi ambayo hitilafu zake wewe utaweza kuzipata na kuzitibu.

## Vigezo

Kila njia nimeitazama kwa maswali matano: huduma inakaa wapi na kumbukumbu zake zinasomwa wapi, inapogoma, ni sababu zipi zinazojirudia, sasisho la mfumo linapoingia, mashine pepe zinapatwa na nini, mtandao na diski vinashikwa vipi, na njia hiyo inamfaa nani.

Kasi sikuiweka kuwa kigezo. Njia zote nne hapa hutumia KVM ileile ya kerneli (inayoiruhusu mashine pepe kutumia kichakataji moja kwa moja) na QEMU ileile (programu inayoiga kompyuta) juu yake, kwa hiyo kasi ya kichakataji ndani ya mashine pepe haitakuwa sababu ya kuchagua moja na kuacha nyingine.

## Mambo yanayokwamisha njia zote

Kabla ya kulaumu njia yoyote, hakikisha `/dev/kvm` ipo. Isipokuwepo, ama uwezo wa VT-x au SVM (wa vichakataji vya Intel na AMD kubeba mashine pepe) umezimwa kwenye mipangilio ya ubao mama, ama seva yako yenyewe ni mashine pepe iliyokodishwa ambayo mwenye nayo hakuruhusu mashine pepe ndani ya mashine pepe. Hili la pili halitibiki kwa amri yoyote utakayoandika ndani ya seva. QEMU inaweza kuiga kichakataji kwa programu tupu, lakini kuwasha Windows kwa namna hiyo ni mateso.

Kisha tazama nafasi iliyobaki kwenye `/var`, kwa sababu imeji za makontena (vifurushi ambavyo makontena huanzishwa kutoka kwavyo) na diski za mashine pepe hugombea hapo hapo. Diski ya mashine pepe iliyoundwa kwa muundo wa qcow2 hukua polepole, na nafasi inapokwisha libvirt kwa kawaida huisitisha mashine pepe bila kuiua. Ukiona hali ya `paused` ambayo hukuiagiza, anza na `df -h /var` kabla ya jambo lingine lolote.

## Njia ya kwanza: libvirt kama tabaka juu ya mfumo

Inapokaa. Kwenye Fedora CoreOS unaandika `rpm-ostree install libvirt-daemon-kvm libvirt-client virt-install`, unawasha seva upya, na vifurushi vinakuwa tabaka juu ya mfumo wa msingi. Kwenye MicroOS kazi hiyo hufanywa na `transactional-update pkg install`, ambayo huunda picha mpya ya mfumo kwenye Btrfs itakayotumika baada ya kuwasha upya. Flatcar haina meneja wa vifurushi, na `/usr` yake hulindwa kwa dm-verity (ukaguzi wa kerneli unaozuia mabadiliko), kwa hiyo njia hii kwake haipo. Kilicho karibu nayo ni viendelezi vya systemd-sysext, vinavyoongeza mafaili juu ya `/usr` bila kuibadilisha. Kumbukumbu husomwa kwa `journalctl -u virtqemud`, na za kila mashine pepe ziko `/var/log/libvirt/qemu`.

Inapogoma. Hapa ndipo penye mengi, na mengi yake si hitilafu.

La kwanza ni huduma kujizima. Tangu Fedora 35, ile huduma moja kubwa ya libvirtd imegawanywa kuwa huduma ndogo ndogo: virtqemud kwa mashine zenyewe, virtnetworkd kwa mitandao, virtstoraged kwa hifadhi, na nyinginezo. Kila moja huamshwa na soketi yake, na hujizima baada ya sekunde 120 isipokuwa na kazi. Kwa hiyo `inactive (dead)` kwenye `systemctl status virtqemud` si habari mbaya, mradi `virtqemud.socket` inasikiliza. Mwongozo wa zamani unaoamuru `systemctl start libvirtd` hukuletea mchanganyiko mbaya zaidi, kwa sababu huduma kubwa ya zamani na ndogo za sasa hazikai pamoja. Chagua upande mmoja, uzime mwingine wote pamoja na soketi zake.

Mgawanyo huo una mtego wake. Ukiwezesha soketi peke yake, mashine pepe ulizoziwekea `autostart` hazitaamka baada ya seva kuwashwa upya, kwa kuwa hakuna aliyegonga mlango wa soketi. Utaingia asubuhi, utaandika `virsh list` ili uone kulikoni, na mashine zitaamka mbele ya macho yako kana kwamba hakukuwa na tatizo lolote. Mimi mwenyewe niliwahi kuzunguka na jambo hili siku kadhaa, nikidhani kuna kasoro ya diski, kumbe kila nilipokwenda kuchunguza ndipo nilipoziamsha. Dawa ni kuwezesha `virtqemud.service` pamoja na soketi yake.

La pili ni kundi la libvirt. Unaandika `usermod -aG libvirt` kisha jina lako, na ama amri inadai kundi halipo, ama inapita bila kelele na wewe bado umenyimwa ruhusa. Sababu ni kwamba mifumo ya rpm-ostree huweka makundi ya vifurushi kwenye `/usr/lib/group`, ilhali `usermod` hutazama `/etc/group`. Nakili mstari huo kwanza kwa `grep '^libvirt:' /usr/lib/group | sudo tee -a /etc/group`, kisha rudia amri, utoke kwenye kikao chako na kuingia upya.

La tatu ni lebo za SELinux (ulinzi unaoamua kwa lebo nani aguse faili gani) ndani ya `/var/lib/libvirt` na `/var/log/libvirt`. Folda za `/var` hazisafiri ndani ya kifurushi kama kwenye Fedora ya kawaida; huundwa na tmpfiles mfumo unapowaka, na wakati mwingine huishia na lebo isiyo yake. Dalili ni ruhusa kukataliwa hata kwa mtumiaji mkuu. `journalctl -b | grep -i avc` itakuonyesha aliyekataa na alichokikataa, na `restorecon -Rv /var/lib/libvirt /var/log/libvirt` kwa kawaida humaliza kazi. Kuzima SELinux nzima kwa ajili ya folda mbili ni kubomoa ukuta kwa kupoteza ufunguo.

Kwa watumiaji wa MicroOS kuna la nne. Kila mwito wa `transactional-update` huanzia kwenye mfumo unaotumika sasa, si kwenye picha uliyoiandaa dakika tano zilizopita. Ukisakinisha libvirt, kisha kabla ya kuwasha upya ukasakinisha kifurushi kingine bila `--continue`, ile libvirt haitakuwemo kwenye mfumo utakaowaka.

Inaposasishwa. Fedora CoreOS hutoa toleo jipya takribani kila wiki mbili, na Zincati, huduma yake ya masasisho, isipoelekezwa vingine, huwasha seva upya mara toleo linapokuwa tayari. Kwa makontena hilo ni jambo dogo. Kwa mashine pepe ya Windows iliyofunguliwa daftari la hesabu, si dogo. Wezesha `libvirt-guests.service` ili mashine zisikatwe ghafla bali zihifadhiwe hali zao au zizimwe kwa adabu, kulingana na mpangilio wake, na ipangie Zincati saa za kazi yake kwa mkakati wa `periodic` ndani ya `/etc/zincati/config.d`. Upande mwingine wa shilingi ni kwamba tabaka linaweza kukwamisha masasisho: toleo la libvirt uliloongeza likigongana na maktaba za mfumo mpya, rpm-ostree hukataa kuunda mfumo huo, na seva inabaki kwenye toleo la zamani bila kukupigia kelele. `rpm-ostree status` inapaswa kuwa desturi, si amri ya siku ya msiba.

Kuna jambo moja ambalo watu huligundua wakiwa wameshachelewa. Kila toleo la mfumo lina `/etc` yake, na maelezo ya mashine pepe huhifadhiwa `/etc/libvirt/qemu`. Ukiunda mashine pepe Jumanne, kisha Jumatano ukarudi kwenye toleo la awali kwa `rpm-ostree rollback`, mashine hiyo itatoweka kwenye `virsh list --all`, ingawa diski yake bado iko salama `/var/lib/libvirt/images`. Haikupotea, maelezo yake yako kwenye toleo ulilolikimbia. Hifadhi nakala za `virsh dumpxml` mahali fulani ndani ya `/var`, na `virsh define` itairudisha mashine kwa sekunde moja.

Mtandao na diski. Mtandao wa `default` wa libvirt hutumia daraja la virbr0 na anwani za 192.168.122.0/24, na dnsmasq, huduma yake ndogo ya DNS, husikiliza poti 53 kwenye 192.168.122.1. Sasa, kwenye seva ya makontena kuna uwezekano mkubwa wa kukuta kontena la kuchuja matangazo, au la DNS ya ofisi, ambalo limeshika poti 53 kwenye anwani zote. Mtandao wa libvirt utakataa kuwaka kwa kusema anwani inatumika. Lifunge kontena hilo kwenye anwani ya LAN peke yake.

Ugomvi wa pili ni wa Docker. Fedora CoreOS huja na Podman na Docker, programu za kuendesha makontena, zote mbili. Docker ikiwaka huweka sera ya kuangusha trafiki yote inayopitishwa, isipokuwa iliyoruhusu yenyewe. Tangu toleo 10.4.0 la mwaka 2024, libvirt inaweza kuandika kanuni zake kwa nftables (mfumo wa ngome ya mtandao uliofuata iptables) kwenye jedwali lake, na ruhusa ya jedwali moja haifuti katazo la jedwali jingine. Matokeo yake mashine pepe hupata anwani, huweza kuongea na seva, lakini haifiki intaneti. Ama achana na Docker ubaki na Podman, ama weka `firewall_backend = "iptables"` ndani ya `/etc/libvirt/network.conf`.

Inamfaa nani. Mwenye seva moja au mbili, anayeifahamu libvirt tangu zamani, na ambaye mashine zake pepe ni chache lakini za kudumu. Haimfai mwenye seva nyingi zinazopaswa kufanana, kwa sababu kila tabaka lililowekwa kwa mkono ni tofauti moja zaidi kati ya seva na seva.

## Njia ya pili: mashine pepe ndani ya kontena la Podman

Inapokaa. Mfumo wa msingi hauguswi kabisa. QEMU inakaa ndani ya imeji ya kontena, kontena linapewa `/dev/kvm`, na faili la Quadlet ndani ya `/etc/containers/systemd` linaifanya kuwa huduma ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux). Quadlet imo ndani ya Podman tangu toleo 4.4 la mwaka 2023. Unaweza kuweka libvirt nzima ndani ya kontena, lakini kwa wengi inatosha kontena moja kwa mashine pepe moja, bila libvirt. Kumbukumbu zote ziko sehemu moja: `journalctl -u` na jina la huduma.

Inapogoma. Kosa la kwanza si la QEMU bali la uandishi. Ukikosea neno moja kwenye faili la `.container`, systemd haitasema umekosea. Itasema huduma haipo, kwa kuwa huduma huzalishwa kutokana na faili hilo na uzalishaji umeshindwa. Endesha `/usr/lib/systemd/system-generators/podman-system-generator --dryrun` usome malalamiko yake. Vilevile usihangaike na `systemctl enable`: huduma iliyozalishwa haikubali amri hiyo, na kinachoiwezesha ni sehemu ya `[Install]` ndani ya faili lenyewe.

SELinux ikilizuia kontena kugusa kifaa, kuna swichi ya `container_use_devices`, au unaweza kuzima lebo kwa kontena hilo peke yake. Jihadhari zaidi na herufi moja: `:Z` mwishoni mwa njia ya folda. Hiyo huandika upya lebo za folda nzima ziwe za kontena hilo tu. Ukiipachika kwenye `/var/lib/libvirt/images` ambayo libvirt ya seva nayo inaitumia, utakuwa umetatua tatizo la kontena kwa kuzinyima mashine nyingine zote diski zao.

Inaposasishwa. Masasisho ya mfumo hupita bila kizuizi, na hiyo ndiyo faida kubwa ya njia hii. Lakini kuzimwa kwa kontena ni habari nyingine. Podman husubiri sekunde 10 baada ya kutuma ishara ya kusimama, kisha huua kwa nguvu. Hata hizo sekunde 10 hazisaidii peke yake, kwa sababu QEMU ikipokea ishara hiyo hufunga papo hapo. Kwa mashine iliyo ndani ni sawa na kuchomoa waya wa umeme. Imeji inayofaa ni ile yenye hati inayopokea ishara, ikatuma `system_powerdown` kwa QEMU, ikasubiri mfumo wa ndani uzime wenyewe. Ongeza muda wa Podman kwa `--stop-timeout`, na muda wa systemd kwa `TimeoutStopSec`, vyote viwili, maana ukiongeza mmoja tu ule mfupi ndio utakaotawala. Imeji isiyofanya hivyo isipewe mashine yenye hifadhidata.

Aliyeweka libvirt nzima ndani ya kontena ana tahadhari moja zaidi. Kwenye njia ya kwanza, kuwasha upya virtqemud hakuziui mashine zinazoendelea, ilhali kontena la kawaida likizimwa huondoka na kila kilichomo.

Mtandao na diski. Kwa huduma yenye poti moja au mbili, mfano poti 3389 ya kuingia kwenye Windows kutoka mbali, njia hii ni nyepesi. Kumbuka tu kwamba milango ni miwili: Podman inafungua poti kutoka nje kuingia kwenye kontena, na QEMU inafungua kutoka kwenye kontena kuingia kwenye mashine. Ukisahau mmoja, mwingine hauna maana. Mashine ikihitaji anwani yake yenyewe kwenye LAN, ruhusa unazolazimika kulipatia kontena huongezeka hadi linabaki kontena kwa jina tu.

Inamfaa nani. Mwenye mashine pepe moja au mbili zinazojitegemea, ambaye kila kitu kingine kiko kwenye Quadlet tayari. Pia mwenye kufanya majaribio ya kuwasha na kutupa.

## Njia ya tatu: imeji yako mwenyewe ya mfumo

Inapokaa. Badala ya kuongeza tabaka kwenye kila seva, unaandika Containerfile (faili la maelekezo ya kujenga imeji) inayoanza na `FROM quay.io/fedora/fedora-coreos:stable`, unasakinisha libvirt humo, unawezesha huduma humo humo, kisha unaipeleka imeji kwenye ghala lako na kuielekeza seva kwa `bootc switch` au `rpm-ostree rebase`. Baada ya seva kuwaka, mpangilio wa libvirt ni uleule wa njia ya kwanza, na kumbukumbu husomwa palepale.

Inapogoma. Mengi ya njia ya kwanza yanabaki: kundi, lebo, poti 53. Tofauti ni kwamba migongano ya vifurushi hutokea kwenye mashine inayojenga imeji, mbele yako, mchana, badala ya kutokea kimya kwenye seva iliyo mji mwingine. Kwa hilo peke yake wengi wameihama njia ya kwanza.

Ina matatizo yake mawili ya pekee. Moja ni namba za watumiaji na makundi. Mtumiaji qemu kwenye Fedora ana namba isiyobadilika, 107, lakini wapo watumiaji wa huduma nyingine wanaopewa namba kwa kufuata mpangilio wa usakinishaji. Imeji ya mwezi ujao ikisakinisha kwa mpangilio tofauti, mafaili yaliyoko `/var` yatajikuta na mwenyewe mwingine. Jingine ni `/etc`: faili ulilolihariri kwenye seva halibadilishwi tena na imeji mpya. Ukirekebisha `/etc/libvirt/qemu.conf` ndani ya imeji na seva moja ikakaidi, `ostree admin config-diff` itakuonyesha kuwa kuna mtu aliwahi kuligusa hapo kwa mkono.

Inaposasishwa. Ratiba ya kujenga ni yako. Usitegemee Zincati iifuatilie imeji yako. Panga taima ya bootc au ya rpm-ostree, na ujenge upya kila toleo la msingi linapotoka, vinginevyo seva zako zitabaki bila viraka vya usalama huku zikionekana ziko sawa. Kurudi nyuma ni `bootc rollback`, na lile onyo la maelezo ya mashine pepe yaliyo ndani ya `/etc` linahusika hapa pia.

Mtandao na diski. Kama njia ya kwanza, isipokuwa mipangilio ya daraja na ngome ya mtandao inaweza kuingizwa kwenye imeji ikafanana kila mahali. Ongeza gharama ya intaneti: seva iliyo tawini kwenye kifurushi cha data itapakua matabaka yaliyobadilika kila mara, kwa hiyo panga Containerfile ili vinavyobadilika mara kwa mara viwe mwishoni.

Inamfaa nani. Mwenye seva tatu na kuendelea, au hata seva moja iliyo mbali ambayo kuifikia ni safari, na ambaye tayari ana utaratibu wa kujenga imeji.

## Njia ya nne: KubeVirt

Inapokaa. Kama seva zako ni nodi za Kubernetes, mfumo unaoendesha makontena kwenye kundi la seva liitwalo klasta (kila seva ni nodi), KubeVirt huifanya mashine pepe kuwa kitu kingine cha klasta. Mradi huu uko chini ya CNCF, taasisi inayolea Kubernetes na miradi jamaa, na toleo lake 1.0 lilitoka Julai 2023. Kila mashine pepe hupata podi yake (fungu la makontena yanayoendeshwa pamoja) iitwayo virt-launcher, yenye libvirt na QEMU ndani yake, na virt-handler, msimamizi wa mashine hizo, husimama kwenye kila nodi. Mfumo wa msingi hauongezewi kitu, kwa hiyo Flatcar nayo inaingia.

Inapogoma. Sahau `virsh` kwenye seva, haipo. Anza na `kubectl describe vmi`, kisha `kubectl logs` ya podi ya virt-launcher, kontena la `compute`. Podi ikibaki `Pending` kwa madai ya upungufu wa `devices.kubevirt.io/kvm`, nodi haina `/dev/kvm`, na umerudi kwenye yale mambo yanayokwamisha njia zote. Uchunguzi wake haukuwa mgumu kwangu kuliko wa libvirt, ila una ngazi nyingi zaidi, na anayeijua libvirt bila kuijua Kubernetes atapotea ngazi ya pili.

Inaposasishwa. Hapa ndipo inapoacha nyingine nyuma: nodi ikitolewa kazini, mashine inaweza kuhamia nodi nyingine ikiwa inaendelea kufanya kazi, mradi diski yake iko kwenye hifadhi inayofikiwa na nodi zote mbili. Bila hifadhi ya namna hiyo, mkakati uleule wa kuhamisha huifanya nodi ikatae kutolewa kazini, na sasisho linakwama. Kwa Fedora CoreOS tumia mkakati wa `fleet_lock` wa Zincati, nodi zisiwashwe upya zote kwa pamoja.

Mtandao na diski. Mtandao wa kawaida wa podi unatosha kwa huduma za ndani ya klasta. Anwani ya LAN moja kwa moja huhitaji Multus, kiongezi cha Kubernetes kinachoipa podi mtandao wa ziada. Diski ni madai ya hifadhi ya Kubernetes, kwa hiyo hitilafu za diski ni hitilafu za hifadhi ya klasta.

Inamfaa nani. Timu yenye klasta inayofanya kazi na hifadhi ya pamoja. Kusimika Kubernetes kwa ajili ya mashine pepe moja ya uhasibu ni kununua basi ili kupeleka mtoto mmoja shule.

## Kwa hali yako

Ukiwa na seva moja ofisini na mashine pepe ya Windows yenye hesabu za watu, anza na tabaka la libvirt, wezesha `libvirt-guests`, na uipe Zincati saa za usiku. Umeme wa eneo lako ukiwa wa kukatika, UPS inayoweza kuiagiza seva izime mapema ina maana zaidi kuliko uchaguzi wowote kati ya hizi nne.

Ukiwa na seva hiyo moja lakini mashine pepe ni ya majaribio, au ni kifaa kidogo kisicho na data ya kupoteza, Podman na Quadlet zitakuacha na mfumo safi, na siku ukiichoka unafuta faili moja.

Ukiwa umeanza na tabaka na sasa `rpm-ostree status` inaonyesha mfumo uliokwama kwenye toleo la zamani, huo ndio wakati wa kuhamia imeji yako. Chukua `virsh dumpxml` za mashine zote kwanza, uondoe tabaka, kisha uhame. Diski zilizoko `/var` hazitaguswa.

Ukiwa kwenye Flatcar bila Kubernetes, chaguo lako la kweli ni kontena la Podman au la Docker lenye `/dev/kvm`, au kiendelezi cha sysext ikiwa uko tayari kukijenga na kukitunza mwenyewe. Ukiwa kwenye Flatcar yenye Kubernetes, KubeVirt inakubaliana na mfumo ulivyojengwa.

Na ukijikuta mashine pepe zimefika saba huku makontena yamebaki mawili, tazama upya mfumo wenyewe. Fedora Server, Debian yenye libvirt, au Proxmox VE zitabeba mzigo huo bila wewe kukumbuka `/usr/lib/group`, na yale makontena mawili yanaweza kuhamia ndani ya mojawapo ya mashine hizo pepe.